Uzi wa Mkono wa Kike

Utingo wa gari la Nachingwea alilitazama furushi lililokuwa miguuni pa Fatu, akaligusa kwa ncha ya kiatu, akauliza kama ni mzigo au ni mgonjwa. Lilikuwa limeviringishwa kitenge juu hadi chini na kukazwa kwa kamba, na likisimamishwa lilimfikia Fatu kiunoni.

"Ni chuma," Fatu alisema.

"Chuma nacho kinalipa, mama. Hiki kitakaa siti ya mtu."

"Hakitakaa siti. Nitakipakata."

Watu wa stendi ya Ruangwa wakacheka, maana kucheka hakulipiwi ushuru. Fatu akalipa nusu nauli ya chuma chake, akakipakata safari nzima kama alivyosema. Alipoteremka Nachingwea miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi asimame kando ya barabara akijifanya anatafuta simu kwenye mkoba.

Ndani ya kitenge kile ilikuwamo shafti ya mashine ya kukamulia ufuta, kile chuma chenye mapezi yanayozunguka kama parafujo na kuusukuma ufuta mpaka uteme mafuta. Mashine yenyewe ilikuwa bandani kwake Matambarale. Mumewe, Masoudi, aliinunua pamoja na mdogo wake Huzaifa kwa fedha za korosho, akaiendesha mwenyewe hadi kifo kilipomchukua. Ikalala. Msimu huu Fatu na binti yake Raudha walipotaka kuiamsha, Huzaifa alileta kijana wa kuchomelea aifungue isafishwe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nati ya mbele ilikuwa haifunguki. Kijana akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akavuta kama anavyovuta nati nyingine zote za dunia. Fatu alimwambia siko huko, Masoudi huzungushia upande mwingine. Huzaifa akamwambia shemeji, nenda kaangalie mboga isiungue. Basi Fatu akaenda kuangalia mboga, na akiwa jikoni akasikia mlio. Kila kijana alipodhani anafungua, alikuwa anakaza, na mwisho kichwa cha shafti kikakatikia ndani ya nati. Walikitoa kwa moto na nyundo, kikapotea mavumbini. Nati ilibaki nzima, ndiyo maana Fatu hakuona sababu ya kuibeba. Nani humpeleka mzima hospitali?

Huzaifa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu. "Nusu ya mashine ni yangu, shemeji," alimwambia. "Msimu ukipita imelala hivi, naita gari la chuma chakavu. Nusu yako nitakupa mkononi, sitakudhulumu." Fatu alimjibu sawa. Mikorosho ya Masoudi ilikwishagawanywa kwa ndugu. Kilichomlisha yeye na Raudha kilikuwa ile mashine, na kilichombakizia Masoudi machoni pake kilikuwa mashine ileile.

Karakana ya Dastani ilikuwa nyuma ya soko, kibanda cha mabati chenye mashine moja kubwa ya kuchongea vyuma. Watu husema iliachwa na wazungu wa karanga, wale waliolima mashamba makubwa enzi za ukoloni. Dastani mwenyewe hakubali wala hakatai, kwa sababu uvumi huo humletea wateja. Mlangoni mkewe, Dionisia, aliuza chai na mihogo ya kukaanga, na wateja waliosubiri walikaa kwenye benchi wakila.

Fatu alisubiri. Kila aliyekuja nyuma yake alihudumiwa mbele yake, kwa kuwa kila mtu alidhani yule mama amekuja kununua mihogo. Hatimaye Dionisia akapaza sauti ndani: "Baba, huyu mama na mzigo wake utamweka mpaka kiama?"

Dastani akatoka akijifuta mikono. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni na miwani iliyofungwa kwa waya. Akalifungua furushi, akaipima shafti kwa macho.

"Mwenye mashine yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Namuuliza mzee. Anayeijua."

"Yuko Mbwemkuru."

"Basi mpigie nizungumze naye."

"Hapigiki," Fatu alisema. "Tulimzika huko mwaka jana."

Benchi zima likaacha kutafuna. Dastani akavua miwani. "Pole, mama. Mdomo wangu una haraka."

"Tumeshapoa, fundi. Angalia chuma."

Akakiangalia. Alisema mapezi yameliwa, afadhali achonge shafti mpya, na akataja bei iliyomfanya Fatu akunje mdomo, kisha akaipunguza kidogo bila kuombwa. Akashika pale palipokatika. "Hapa mbele sasa. Palikuwaje? Maana naweza kukuchongea kiume, naweza kukuchongea kike."

Moyo wa Fatu uliruka. Tangu Masoudi afe hakuna mtu aliyemtamkia neno lile mbele ya chuma. Alimwona mumewe palepale, amechuchumaa bandani na spana, anasema mama Raudha, huku ni kike, ukizungusha kiume utaniua njaa. Kwao Masoudi wazee waliuita mkono wa kulia mkono wa kiume na wa kushoto mkono wa kike. Nati ile ilikuwa ya kushoto, ilifungika kinyume cha nyingine zote ili mashine ikizunguka isiilegeze, na kwa miaka yote ya ndoa Fatu hakuwahi kusikia ikiitwa kwa jina lingine.

"Kike," alisema haraka. "Hapo ni kike. Usikosee, fundi, hapohapo ndipo walipoharibu."

"Una hakika?"

"Nimekaa na mashine ile kuliko nilivyokaa kwa mama yangu."

"Sawa. Kike."

Wakaagana kwa furaha, kila mmoja akiwa amekubaliana na mwenziwe juu ya neno moja. Fatu alirudi Matambarale akijisikia mwepesi. Alimwambia Raudha kuwa amepata fundi anayezungumza kama baba yake.

Shafti mpya ilikuja kwa gari siku Huzaifa alipokuwapo. Raudha akaifungua kwenye magunia iliyofungiwa, ikang'aa hata kuku wakasogea mbali. Mapezi yalikuwa sawa, unene sawa. Lakini mbele, pale palipotakiwa kichwa chenye uzi wa kuvalia nati, palikuwa na tundu. Tundu zuri, limechongwa uzi kwa ndani kwa ustadi wa mtu anayejua kazi.

Fatu alishika nati mkononi, akaizungusha huku na huku. Haikuwa na pa kukaa.

"Shemeji," Huzaifa alisema taratibu, "umeletewa bomba."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuuma Fatu. Angecheka angemjibu. "Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari," aliendelea. "Ufuta wa watu unapita hapa kila siku unakwenda ghala la ushirika. Tunamsubiri nani?"

"Baba mdogo, tupe muda," Raudha alisema.

"Muda ninao mimi, mwanangu? Muda anao Mungu."

Alipoondoka, Raudha akatupa magunia chini. "Mama, huyu fundi katuzingua. Nimpigie nimchane?"

"Usimchane mtu. Nipe hiyo shafti. Na nati pia niwekee."

Benchi la Dastani lilikuwa limejaa Fatu alipofika. Safari hii hakukaa. Alisimama katikati ya karakana na furushi lake begani hadi mashine ikazimwa.

"Umenichongea nini, fundi?"

"Nilichoagizwa. Ulisema kike, nikachonga kike." Dastani akainua bolti na nati kutoka mezani, kwa uvumilivu wa mtu anayemfundisha mtoto. "Hii inayoingia ni kiume. Hii yenye tundu ni kike. Mafundi wote kutoka hapa mpaka Dar es Salaam watakwambia hivyo."

Benchi likaguna kwa kukubali.

"Sikukuambia habari ya tundu," Fatu alisema. "Nilikuambia kike. Huku!" Na akainua mkono wake wa kushoto juu, vidole vimepanuka, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali.

Benchi likaangua kicheko. Mmoja akasema kumbe vyuma vya mama vinachongwa kwa kuinua mkono. Fatu aliona uso unamchoma, lakini mkono hakuushusha, kwa kuwa kuushusha kungekuwa kama kukiri kwamba Masoudi alikuwa mjinga.

Dastani hakucheka. Aliichukua nati, akajaribu kuingiza bolti, ikakataa. Akazitazama nyuzi zake kwenye mwanga wa mlango. "Ya kushoto hii," akasema.

"Ndivyo nilivyosema."

"Ndivyo ulivyosema." Akakaa juu ya ndoo. "Bibi yangu alikuwa akituchapa tukila kwa mkono huo. Mkono wa kike si wa chakula, anasema. Ndoo ya maji shika kwa mkono wa kike, mtoto mbebe kwa mkono wa kike. Neno hilo sijalisikia tangu tulipomzika. Nililisahau kabisa, mama. Nimekaa na vyuma mpaka nikalisahau."

Fatu akashusha mkono.

"Sasa kosa ni la nani?" Dastani akauliza.

"La kwako."

"Nusu. Na nusu ni lako. Nati ungeileta siku ile tusingefika hapa."

"Na wewe ungeiulizia?"

Dastani akafikiri. "Kweli sikuiulizia. Tatizo chuma hiki nimeshakitoboa, siwezi kukirudisha. Na kuchonga kingine mimi sina chuma, wewe huna hela, tusidanganyane."

Fatu hakukataa. Alisema maneno aliyoyaandaa njiani, na aliyasema bila kupumua: Jumamosi shemeji yake anakuja na gari la chakavu, yeye Fatu hataki huruma, anataka fundi aende Matambarale aione mashine yenyewe badala ya kuichonga kwa kusimuliwa.

"Mimi huwa siifuati kazi," Dastani alisema. "Kazi hunifuata."

"Ya huyu mama ilikufuata," Dionisia alisema akiwa mlangoni, akigeuza mihogo, "ukaikosea."

Dastani akaja Matambarale Alhamisi, na kalipa yake ya kupimia mfukoni na chaki nyuma ya sikio. Banda lilikuwa na utando wa buibui na vumbi, lakini ukuta ulikuwa bado umelowa mafuta ya zamani, na ukiusugua kwa kidole harufu ya ufuta inaamka. Dastani alisugua, akanusa. Hakuuliza vipimo. Aliuliza ilikuwaje siku ya kazi.

Fatu hakutegemea kuulizwa hivyo. Alianza polepole, kisha maneno yakaja yenyewe. Akasimulia watu walivyolala nje na magunia yao ili wawahi zamu, wengine wametoka Mbwemkuru. Wanawake walikuwa wakiweka sufuria chini ya bomba, mafuta yakitoka tu yanakwenda jikoni yakiwa bado ya moto, mihogo inakaangwa, watu wanakula wakisubiri. Watoto waligombea mashudu yakitoka. Masoudi hakupenda kelele karibu na mashine, lakini kelele zile hakuzizuia hata siku moja. Jioni alinuka ufuta mpaka shuka zikanuka. Fatu alilalamika sana juu ya shuka hizo. Sasa ziko sandukuni, zimefuliwa, hazinuki kitu, na angetoa chochote zinuke tena.

Dastani alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Na palipokuwa panaharibika kwanza?"

"Kichwa. Kila msimu kichwa. Anakijazia kwa kuchomelea, anakipiga tupa, kinamfikisha mwakani. Mwili wa shafti haukuwa na neno."

"Kila msimu?"

"Kila msimu. Mwishoni akawa anasema angezaliwa upya angeizaa hii mashine na vichwa viwili."

Dastani akatoa chaki. Akachuchumaa, akaichora shafti sakafuni, pamoja na lile tundu lake la makosa. Akalitazama tundu kwa muda mrefu, na uso wake ukaanza kubadilika kama mtu aliyepata funguo kwenye mfuko ambao ameshaupekua. Alimweleza Fatu kwamba hawatachonga shafti nyingine. Tundu litapanuliwa, litakatwa uzi upya, na kichwa kitachongwa peke yake, kiingie humo. Kikiisha, kinatolewa kichwa tu.

Fatu akakitazama kile kichoro. "Kikizunguka hakitajifungua?"

"Kwa uzi wa kawaida kitajifungua. Ndiyo maana huku ndani kitakuwa cha mkono wa kike, na huku mbele penye nati cha mkono wa kike." Alisema hivyo bila kucheka, akichora. "Halafu pini moja ya kukifungia. Nitaiweka hapa juu."

"Hapo juu siifikii. Mimi si mrefu kama Masoudi, na Raudha ndiye huyo. Iweke upande huu, ninapokaa."

Dastani akaifuta pini kwa kiganja, akaichora upande wa Fatu. "Umenirahisishia," akasema. "Upande wangu ingegonga pezi." Wakashindana juu ya unene wa kichwa, Fatu akitaka kinene kwa kuwa anamjua mteja anayeleta ufuta wenye mawe, Dastani akitaka chembamba ili shafti isipasuke. Walikutana katikati. Chuma angekitoa Dastani kwenye mabaki yake, kwa nusu yake ya kosa, na ufundi angelipwa mafuta mashine ikikamua. Angechonga vichwa viwili, kimoja akae nacho karakana kama mfano, ili siku yoyote ile asihitaji kuchora kwa kusimuliwa.

"Na nikikupigia niseme nataka nini?" Fatu aliuliza.

"Sema kama ulivyozoea. Mimi ndiye nilikuwa sijui lugha."

Jumamosi Huzaifa alifika mapema na pikapu, na mtu wa chakavu mwenye mizani ya kuning'iniza. Fatu aliwapa viti, akawapa chai. Alimwambia shemeji yake kuwa fundi yuko njiani, na Huzaifa akasema hata mvua iko njiani. Yule wa mizani alizunguka mashine akiigongagonga ubavuni kama anayenunua mbuzi. Raudha alitoka nje ili asimwone.

Chai ilikwisha. Huzaifa alisimama, akasafisha koo, akasema shemeji, tusiwekeane ubaya. Fatu alimwomba anywe kikombe kingine. Alikinywa kwa heshima, kwa kusimama, na kabla hajakimaliza bodaboda ikaingia uani na Dastani nyuma yake, amekumbatia shafti kifuani, suruali nyeupe kwa vumbi.

"Mashine yangu ya kuchongea iliniletea ukaidi," alisema, "na huyu bodaboda kaniletea pancha."

Wakaingiza shafti. Ikakaa. Kichwa kilikuwa kimeshaingia mahali pake na pini yake, na ulipofika wakati wa nati Huzaifa akachukua spana, akaivalisha, akavuta. Mkono wake ukavutia kulekule alikovutia kijana wa kuchomelea. Nati ikamtoka. Akarudia, mkono ukaenda kulekule tena, maana mkono uliozoea ni mkaidi kuliko punda.

Dastani akaichukua spana kwake taratibu, akampa Fatu.

"Mimi?" Fatu aliuliza. Katika miaka yote hakuwahi kuigusa nati ile. Ilikuwa mahali pa Masoudi, kama upande wake wa kitanda.

"Wewe ndiye unayejua iendako."

Fatu akachuchumaa. Akaizungusha kwa upande wa kike, ikaenda laini, ikakaza, ikakataa. Raudha akazungusha hendeli ya injini mpaka jasho likamtoka, ikakohoa, ikashika. Mkanda ukaanza kukimbia. Fatu akamimina ufuta wake mwenyewe, ule aliouficha kwa ajili ya mbegu. Ukashuka, ukasagika, yakatoka mashudu makavu yenye vumbi, na bombani hakikutoka kitu. Yule wa mizani akajikohoza. Mapezi yakaendelea kuzunguka. Bomba likatoa tone, likakaa kimya, likatoa jingine, kisha mafuta yakaanza kushuka kama uzi mwembamba wa rangi ya asali, na harufu ikajaa bandani mpaka Fatu akasahau alipo na ni mwaka gani.

Aligeuka mlangoni, kama alivyogeuka misimu yote, na akaita kwa sauti ya kushinda injini: "Baba Raudha, njoo uone."

Alijisikia anaita. Injini ilikuwa ikinguruma, lakini kila aliyekuwa bandani alisikia. Raudha aliziba mdomo kwa kanga. Dastani aliinama akajifanya anaangalia mkanda. Fatu alibaki ameelekea mlango mtupu, mikono imelowa, na huzuni ile aliyoificha tangu matanga ikampanda kifuani yote kwa pamoja, akaona aibu mbele ya watu, na akashindwa kuizuia.

"Naam," Huzaifa aliitika.

Sauti yake ilikuwa ya kaka yake. Siku zote ilikuwa ya kaka yake, ila yeye na Fatu walikuwa hawajawahi kuitana hivyo. Akaja akasimama kando ya Fatu, akakinga kiganja chini ya bomba, akalamba.

"Nimeona, mama Raudha," alisema.

Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akatoka uani kumwambia mtu wa mizani kwamba pikapu imepata kazi nyingine. Kulikuwa na magunia ya ufuta nyumbani kwake Huzaifa, akamwomba aende na pikapu kuyachukua, yaje yakamuliwe.